Uso wa Kaka Yangu Ulitoka Kijani, Nami Nikanyamaza

Jamani, kosa ni langu. Naanza na hilo kabla hamjaanza kunitafutia utetezi, maana nawajua wasomaji wenzangu, mna huruma. Safari hii iwekeni pembeni. Kuna mwanamke yuko Sibwesa analima karanga peke yake, wanawe wako mbali naye, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilitoa picha mbaya, halafu nikaona aibu kusema kwamba ni mbaya.

Jina langu niachieni mwenyewe. Naishi Kawajense, hapa Mpanda mjini, na chumba cha mbele cha nyumba yetu nimekifanya studio. Nina kamera, kompyuta, na printa ya wino, ile yenye tenki nne ubavuni: nyeusi, bluu, pinki na njano. Natoa paspoti, picha za harusi, za komunyo, za watoto wa shule. Kazi naipenda, na nilikuwa najisikia, sifichi.

Mteja akilalamika kwamba ametoka mnene au mweusi kuliko alivyo, nilikuwa na jibu langu moja. "Dada, mashine haidanganyi. Ndiyo sura yako hiyo, kamlaumu mama yako." Tunacheka, anachukua picha zake, anaondoka. Mtaa mzima ulilijua neno hilo. Hata watoto wakipita dirishani waliniita Mama Haidanganyi. Laiti ningejua litakavyonirudia!

Kaka yangu niliyemfuata kuzaliwa alikuwa anaishi Kibaoni, nyumbani kwetu, kule wazazi walikohamia na ng'ombe kutoka Usukumani mimi nikiwa mdogo. Alioa binti wa Sibwesa, mwanamke mpole, anayecheka huku ameziba mdomo kwa kanga. Wakajaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Mimi na Mama Kulwa hatukuwa mawifi wa kupimana maneno. Akija mjini alilala kwangu, akanisuka, akanisimulia ya nyumbani mpaka mbavu zikaniuma. Alikuwa rafiki yangu, basi.

Siku moja kaka akashikwa na tumbo. Ghafla tu, baada ya chakula cha mchana. Wakampa dawa za mizizi kwanza, wakasubiri, kesho yake ndipo wakamleta hospitali huku Mpanda. Daktari alitueleza waziwazi, mimi na wifi tukiwa tumesimama pamoja tumeshikana mikono: utumbo umejisokota, na mgonjwa amechelewa kufika. Akafa siku ileile. Kaka yangu, jamani! Mwanamume aliyekuwa akijitwika gunia la mpunga bila kusaidiwa.

Kazi ya picha ya msiba nikaichukua mimi. Nani mwingine angeifanya? Mimi ndiye fundi wa ukoo. Picha pekee ambayo alitazama mbele vizuri alikuwa amevaa jezi, nyekundu ya kuwaka, na nyuma yake kuna kreti za soda. Nikaona si heshima marehemu kutangulia mbele ya jeneza na jezi. Nikaamua kuitoa nyeusi na nyeupe, kubwa, kwenye karatasi ya kung'aa. Picha ya namna hiyo ina utulivu wake.

Asubuhi ya kusafirisha mwili nikaingia studio. Nje palijaa waombolezaji, kwa hiyo nikavuta pazia, nikawasha taa. Kabla ya kazi kubwa huwa natoa karatasi ya kupimia, inayoonyesha kila rangi kwa vistari vyake. Nikaitoa. Nyeusi nzima, bluu nzima, njano nzima. Pinki imekatikakatika, nusu ya vistari havipo.

Nilijua maana yake! Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo dhambi yangu ilipoanzia. Printa kama yangu ukiiwekea karatasi ya picha, haitengenezi kijivu kwa wino mweusi peke yake. Inachanganya rangi zote kidogokidogo. Moja ikipungua, kijivu kinaegemea upande. Pinki ikikosekana, zinabaki bluu na njano, na zile mbili zikikutana mtoto wao ni kijani.

Dawa yake ni kuisafisha printa na kupima tena, hata mara tatu, mpaka vistari vitimie. Lakini gari lilikuwa linapiga honi, na watu wananiita. Nikajidanganya kwamba picha nyeusi na nyeupe haihitaji pinki, itatosha. Ikatoka. Chini ya ile taa ilionekana kijivu kizuri, na alikuwa yeye kabisa, mpaka nikalia. Nikaitia kwenye fremu, nikaifunga kwa kitenge. Karatasi ya kupimia nikaikunja nikaitumbukiza kwenye mkoba, hata sijui kwa nini.

Kibaoni tulifika jua likiwa utosini. Nikakifungua kitenge uwanjani mbele ya watu.

Mungu wangu! Kaka alikuwa kijani. Si kijani cha jani, hapana. Ni kile cha maji yaliyotuama, na kilikolea pale penye vivuli: chini ya macho, pembeni mwa pua, kuzunguka mdomo. Taa ya ndani ilikuwa imenifichia. Jua halikunifichia.

Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, akasogea na fimbo yake. Aliinama akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mayu," akaniita, maana ndivyo anavyotuita binti zake wote. "Mbona mwanangu hapa mdomoni yuko hivi?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Hatua chache nyuma yake alisimama mwalimu mkuu mmoja wa shule, ambaye wiki ile tulikuwa tumeahidiana nimpigie wanafunzi wake wote picha za vitambulisho. Nikamwona ananyoosha shingo kuitazama fremu. Nikaona kazi inanitoka. Ulimi wangu ukatoa jibu lake la kila siku, kabla mimi sijafikiri.

"Shangazi, mashine haidanganyi."

Shangazi hakucheka. Aliitazama picha tena, halafu akageuka, akamtazama Mama Kulwa aliyekuwa ameketi mkekani amejifunika kanga. Akamtazama hivyo bila kupepesa. Nilidhani ni uchungu wa msiba.

Siku ya kuanua matanga ndipo nilipoelewa. Wazee waliketi, sisi wanawake upande wetu. Shangazi akaiweka ile fremu katikati, juu ya kiti, kama shahidi.

"Chakula cha mwisho alipika nani?" akauliza.

Wifi akajibu kwa sauti ndogo, "Mimi, mama. Ugali na kisamvu. Nilikula naye, na watoto walikula."

"Wote mlikula. Akafa mmoja."

Baba mdogo akajaribu kumtuliza. "Dada, lakini si tuliambiwa ni utumbo?"

"Nyie watoto!" Shangazi akagonga fimbo chini. "Daktari ameona kwa macho. Mashine imeona yaliyo ndani. Sumu inapita mdomoni, tazameni mdomo! Na huyu binti yetu ndiye fundi, amesema mwenyewe mbele ya watu, mashine haidanganyi. Mnataka nini tena?"

Wote wakanigeukia. Na Mama Kulwa akanigeukia. Hakuwa na hofu, hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kuokolewa.

"Wifi, waambie," akasema. "Picha si uliitoa wewe? Na daktari si alituambia wote wawili? Waambie tu, wifi yangu."

Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Mkono wangu ulikuwa ndani, na vidole vimeigusa ile karatasi iliyokunjwa. Ningeitoa tu! Ningesema, jamani, pinki iliziba, niliona, nikapuuza, tazameni vistari hivi. Wangenisema dakika tano. Wangeniita fundi uchwara, mwalimu mkuu angetafuta mwingine, na ingeishia hapo.

Nikasema, "Mimi niliitoa kama ilivyotoka."

Basi. Hata la daktari sikulisema, maana ningelisema wangeniuliza, sasa kijani kimetoka wapi? Nikauvuta mkono nje ya mkoba, mtupu.

Mama Kulwa hakulia pale. Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akaishusha kanga usoni. Kesho yake akaondoka Kibaoni kwa bodaboda na begi moja. Watoto wakabaki, wakaambiwa ni wa ukoo, ng'ombe za mahari zilitoka. Doto aliikimbiza ile pikipiki mpaka ikapotelea kwenye vumbi, akarudi na kiatu kimoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona yote.

Kazi ya shule niliipata. Ndiyo, niliipata! Nikapiga sura za watoto zaidi ya mia, na kila iliyotoka niliigeuza upesi ielekee mezani ili isinitazame. Neno langu lile nililiacha. Mteja mmoja alinitania, "Mama Haidanganyi, leo husemi?" Nikaingia ndani nikamwacha amesimama.

Nikaanza kushindana na ile printa. Nilikuwa nimechelewa kama kaka alivyochelewa hospitali, lakini nilikuwa nataka angalau uso wake urudi. Nilisafisha, nikapima, nikabadilisha wino wa bei chee niliokuwa najazia. Nikajifunza kutoiamini taa: natoa kwanza kipande kidogo, natoka nacho nje, nakitazama juani, nakitazama kivulini, narudi nacho ndani. Kikiegemea pinki napunguza, kikiegemea bluu napunguza. Siku nyingine narudia mara kumi.

Siku moja ikatoka. Kijivu ambacho hakiegemei popote. Juani kijivu, ndani kijivu. Kaka yangu ananitazama na lile tabasamu lake la kuficha jino lililovunjika. Nikakaa sakafuni na picha, nikalia kilio ambacho sikukilia msibani.

Nikaipeleka Kibaoni. Nikamwekea shangazi mbele yake picha zote mbili, na ile karatasi ya kupimia, ambayo sikuwahi kuitupa. Nikamweleza yote, pinki, vistari, taa, honi ya gari. Nikapiga magoti. Nikamwambia, shangazi, nilidanganya, mrudisheni Mama Kulwa.

Shangazi akaishika picha mpya. Akaipapasa kwa kidole.

"Umemwosha uso," akasema.

"Hapana shangazi, hivi ndivyo alivyokuwa!"

"Mayu, mara ya kwanza hukuifundisha mashine, ikasema kweli. Sasa umekaa nayo miezi, umeifundisha kusema uongo. Najua unampenda wifi yako." Akanirudishia. "Ukweli unatoka mara moja."

Nililipanda mwenyewe neno hilo, na lilikuwa limeota mizizi. Sikuwa na jembe la kuling'oa.

Nikaenda Sibwesa. Nilimkuta Mama Kulwa shambani anang'oa karanga. Amekonda. Alinikaribisha, jamani, akanipa kigoda, akanipa maji! Nikamwambia kila kitu, na la mkoba pia. Alikuwa anapukuta udongo kwenye karanga, shina moja baada ya jingine, hakuacha.

"Kwa hiyo ilikuwa humo," akasema. "Nilipokuambia waambie, mkono wako ulikuwa umeishika."

"Ndiyo, wifi."

Nikampa picha. Akafuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma, akaipokea kwa mikono miwili. "Ndiye," akasema. Akaiweka kifuani. Halafu akauliza kitu kimoja tu, bila kunitazama.

"Wanangu wamekua?"

"Wamekua."

"Nipigie picha yao, uniletee. Hata ikitoka kijani, nitawajua."

Nilirudi Kibaoni na kamera wiki hiyohiyo. Kulwa alisimama wima ukutani, mikono ubavuni kama askari. Doto alipoona kamera tu, akaziba uso kwa viganja viwili.

"Shangazi, mimi usinipige," akasema. "Picha yako ndiyo ilimfukuza mama."

Nikamwambia, mwanangu, safari hii ni ya kumpelekea mama, toa mikono akuone. Hakuitoa. Nilimbembeleza kwa biskuti, kwa soda, kwa kuapa. Hakuitoa! Mwisho nikabonyeza vilevile. Sasa ninayo hapa mezani: Kulwa amesimama, na pembeni yake mtoto asiye na uso. Kijivu kimetoka safi kabisa, huwezi kukikosoa popote. Nimeshindwa kuipeleka Sibwesa, na nimeshindwa kuitupa.

Wewe unayesoma, labda hujui hata printa ni nini. Labda wewe ni fundi cherehani, au mpima dawa, au unapima ardhi za watu. Siku kazi yako ikitoka vibaya, na mtu akakuuliza mbona hivi, nakuomba kwa jina la wazazi wako, sema nimekosea. Liseme palepale, mbele ya haohao unaowaogopa, lingali bado ni kosa la kazi tu. Ukingoja, halitakuwa lako peke yako. Mimi mkono ulikuwa ndani ya mkoba, karatasi nimeishika, na nikautoa mtupu.