Ukuta wa Chumba cha Mkwe

Msinisomee ile methali ya ufa na ukuta. Nimesomewa vya kutosha, na mimi ni seremala, naijua kuliko wanaonisomea. Ukuta niliujenga, tena kwa mbao nzuri za mninga, na ukuta huohuo ukamwangukia mama mkwe wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa fundi mgodini Geita, na mke wangu alikuwa mtu wa Ushirombo. Baba yake, aliyekwisha kufariki, alikuwa mpasua mbao wa misheni. Wenzake walijenga nyumba za miti na udongo. Yeye akajijengea ya mbao tupu, kila ubao ukilalia wa chini yake ili maji ya mvua yateleze. Watu walipita njia ile makusudi waitazame. Lakini mbao alizotumia hazikuwa ngumu, na kwetu mchwa hana adabu kwa mtu yeyote.

"Nyumba ya mama inaliwa," mke wangu aliniambia mwaka ule baada ya mavuno. "Mvua zikianza itamlalia. Au wewe ni fundi wa Wazungu peke yao?"

Maneno hayo yalinichoma, maana yeye alijua pa kunichoma. Nikaomba likizo ya wiki mbili. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, hakuweza kupanda lori, kwa hiyo nikaenda peke yangu na debe la oili chafu ya kupaka mbao. Wapasua mbao waliofanya kazi na marehemu walikuwa wameshaweka mbao za mninga uani, zimekauka vizuri, za kutosha nyumba nzima.

Sasa lazima niseme habari ya ukwe. Sisi Wasukuma, na Wasumbwa wa kule vilevile, mama mkwe hatazamwi ovyo. Humpi mkono. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Chumba anacholala hukikanyagi, hata jicho lako halifiki. Kwa wiki mbili zile chakula aliniletea jirani, mama mmoja mcheshi, akikiweka kwenye kizingiti cha nyumba ya wageni. Na mkwe wangu, niliyemwita mayu, yaani mama, tulisalimiana asubuhi kila mtu amegeukia upande wake.

"Shikamoo, mayu," nasema nikitazama mbao.

"Marahaba, baba," anajibu akitazama kuku.

Kuta tatu nilizifanya kama inavyopasa. Nilibandua mbao kuukuu, nikagonga nguzo moja moja kwa nyundo, iliyolia vibaya nikaing'oa na kusimika nyingine. Nikapaka oili, nikapigilia mninga kuanzia chini kwenda juu. Ilikuwa kazi safi, na mimi si mtu wa kujisifu. Haya, ni mtu wa kujisifu, lakini siku ile nilikuwa na haki.

Ukabaki ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule ndipo alipolala mkwe wangu. Ningezibandua mbao zile, chumba chake chote kingekuwa wazi mbele yangu, kitanda, nguo, kila kitu. Niliugonga kwa nje. Ukaitika kama boga bovu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi lori la mfanyabiashara mmoja lilikuwa linarudi Geita, na Jumapili kulikuwa na mashindano ya ngoma. Mwaka mzima tulikuwa tumejiandaa, kundi letu na kundi la upande wa pili, na mimi ndiye niliyekuwa mbele kwenye mstari. Ukuta ule, ukifanywa kwa haki, ulitaka siku nne.

Ijumaa asubuhi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakikuta kitanda chake. Kilikuwa nje kabisa, chini ya mti wa mnyaa, kimefunikwa khanga mbili zilizofungwa pembe zote nne. Pembeni yake sanduku, chungu, na mkeka uliokunjwa. Chumba kilikuwa kitupu. Mwanamke mtu mzima, peke yake alfajiri, alikuwa amekokota kitanda chake cha mti hadi nje ili mimi nipate njia ya kufanya kazi bila kuvunja mwiko. Kunitumia maneno asingeweza, maana kitanda cha mkwe hakitajwi kwa mdomo wa mtu, hata wa jirani mcheshi. Kwa hiyo alikitoa, akaenda zake shambani.

Mwenye macho haambiwi tazama. Niliona, na nilielewa palepale. Mungu anisamehe, moyoni nilisema, "Ebo! Mama huyu ananicheleweshea safari."

Kisha nikafanya kama sikuona. Nikachukua mbao mpya nikazipigilia juu ya zile kuukuu, bila kubandua hata moja, bila kugusa nguzo. Hadi alasiri nimemaliza. Kwa nje ukuta ulikuwa sawasawa na wenzake, hata mpasua mbao mwenyewe angefufuka asingejua. Jioni mkwe wangu alirudi kutoka shambani. Nilisikia miguu ya kitanda ikiburuzwa kurudi ndani, polepole, ikisimama na kuanza tena. Sikwenda kumsaidia, na hapo pia nilikuwa na mwiko wa kujifichia.

Jumapili tulishinda. Nilibebwa mabegani.

Mvua za Novemba zilipokuja, mbao za zamani zilinyonya maji, na mninga ni mzito jamani. Nguzo zilizooza zilikuwa zimebeba mzigo wa kuta mbili. Alasiri moja mkwe wangu alikuwa amejilaza kwa homa, ukuta ukaingia ndani wote, ukamvunja paja. Majirani walimtoa chini ya mbao zangu, wakambeba na kitanda chake hadi misheni. Mfupa uliunga, lakini mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Nilipofika Ushirombo na mke wangu, nilitegemea matusi. Nilikuwa tayari hata kupigwa. Badala yake mjomba wa mke wangu alinishika mkono mbele ya ukoo mzima. "Tazameni adabu," alisema. "Vijana wa siku hizi wangebomoa tu waone chumba cha mkwe. Huyu aliona ni afadhali kazi iharibike kuliko heshima." Wazee wakaitikia. Mke wangu, mtoto mgongoni, akanitazama kwa fahari huku machozi yakimtoka. Na mimi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Nilikula sifa ile mbele yao, nikanawa mikono.

Mvua zilipokatika, ukuta niliurudia. Safari hii nilibandua kila kitu, nikasimika nguzo mpya tano. Mkwe wangu alikuwa amerudi kutoka misheni. Kitanda kilikuwa nje tena chini ya mnyaa, naye amekaa juu yake, amenipa mgongo, fimbo magotini. Siku ya tatu ndipo alipozungumza.

"Baba."

"Naam, mayu."

"Siku zile, kitanda nilikitoa nje."

Nilikuwa na misumari mdomoni. Niliitoa mmoja mmoja.

"Ulikiona?"

Ningeweza kusema. Hapakuwa na mtu mwingine pale, ni mimi na mgongo wake na kuku. Nilimfikiria mke wangu na ile fahari yake, nikamfikiria mjomba.

"Sikukiona, mayu."

Aliigeuza fimbo magotini. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chumvi, "Nami niliwaambia wazee hivyo. Nilisema, hakukiona yule. Angekiona, asingeniacha nilale pale."

Sijui mpaka leo kama alikuwa akinitetea au akinihukumu. Nilipiga msumari uliofuata, ukapinda. Nikaung'oa. Nilipochukua mwingine nikasikia fimbo yake ikigusa chini, na ule mguu mfupi ukiburuzwa, ukisimama na kuanza tena. Alikuwa anajiondokea taratibu kwenda mbele ya nyumba, ili mkwe wake apate nafasi ya kufanya kazi.