Nilisoma Mara Nne, Wakaniandika Mtu Wao

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Ibadakuli hakuna asiyenijua. Nina miaka 73. Nilichimba dhahabu Runzewe nikatoka mzima, isipokuwa sikio la kushoto. Kwa miaka mingi nasuluhisha ugomvi wa ng'ombe na mashamba. Watu wa vyama vyote wanakuja kwangu kwa sababu kura yangu haijulikani. Hata mke wangu, Mama Kulwa, haijui.

Mgombea ubunge mmoja alitangaza mipango yake ya pamba iko kwenye tovuti. Nikaifungua kwa simu yangu. Mlangoni mwa tovuti nikaulizwa kama nakubali masharti yao. Mimi nina adabu, nikiulizwa mlangoni naitikia. Nikabonyeza nakubali, nikaweka na namba yangu ya simu, nikasoma.

Juzi Masanja na jirani yake wamekaa mbele yangu, ng'ombe wa Masanja wamekula mtama wa mwenzake. Simu ikaita. Kwa sababu ya sikio, huwa naweka spika.

"Shikamoo babu! Ni timu ya mgombea. Asante kwa kutuunga mkono."

"Marahaba. Nani kakwambia nawaunga?"

"Tunaona, babu. Ukurasa wa pamba umeufungua mara nne, ukakaa humo muda mrefu. Tumeshakuandika mtu wetu."

Masanja akasimama. "Kumbe mzee una upande! Siku zote unatuchezea tu." Akaenda zake, na mwenzake nyuma. Tangu hapo kiti changu wanakilalia kuku.

Ukweli unaonikaba ni huu. Nilisoma mara nne kwa sababu nasoma kwa kidole, herufi moja moja. Nikifika chini nimesahau ya juu. Na mtaa mzima unajua mimi ni msomi! Daftari ninaloshika nikitoa uamuzi, maneno yake nimeyakariri.

Nilimpigia yule dada wa timu: "Nifute." Akajibu, "Babu, mimi kazi yangu kupiga simu tu." Nikamwambia, "Mwambie bosi wako, niliyofanya kwenye simu mmeyaona. Nitakayofanya kwenye chumba cha kura hamtayaona mpaka nazikwa!"

Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Nikisema nasoma kwa kidole, watanicheka, lakini Masanja atarudi. Nikinyamaza, nabaki msomi mwenye chama. Kutaja kura yangu ili yaishe, hilo msinishauri, sitaki kulisikia.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngesimama mkasema? Andikeni maneno mafupi. Nitayasoma yote, hata ikinichukua wiki.