Jina la Kilichomuua Adventina

Ndyamukama alianza na migomba yake mwenyewe. Wengi wa kitongoji chetu wamelisahau hilo, au wanajifanya wamelisahau. Mwaka 2013, ugonjwa wa mnyauko ulipoingia upande wetu wa Igurwa, mkutano wa kijiji ulimchagua yeye kuwa mkaguzi wa vibanja, yaani mtu wa kupita katika migomba ya kila kaya, kuutafuta ugonjwa na kuutaja. Siku ya kwanza hakwenda kwa mtu. Aliingia kibanja chake, akakata mgomba uliokuwa na majani yaliyolegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, akatuonyesha usaha wa njano ukitoka kwenye shina. Halafu akakata mwingine, na mwingine. Kufika jioni alikuwa ameangusha mashina arobaini na matatu. Mke wake Adventina alisimama mlangoni ameshika kiuno.

"Malizia na mimi basi," alimwambia, "maana sijui nitapika nini."

"Wewe huna usaha," Ndyamukama akamjibu, na akaendelea kukata.

Ni mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Sharti lake lililotuchosha kuliko yote lilikuwa la moto. Kila anayekata mgomba mgonjwa awe na moto pembeni, na panga lipite motoni kabla halijagusa shina jingine. Kibanja kilichokutwa na ugonjwa alikifungia kitambaa chekundu kwenye njia ya kuingilia, ili mtu asipite humo na panga lake wala mbuzi wake. Jirani yetu Theoneste, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, na ambaye sijui kama amewahi kumaliza siku bila kumtania mtu, alimwita Daktari wa Migomba.

"Daktari, leo nimekohoa," alikuwa akimwambia njiani. "Usije ukanikata."

Tulicheka, lakini tulikata. Tuliangusha chakula chetu kwa mikono yetu, na mwaka ule watoto walikula mihogo mpaka wakaichukia. Hakuna polisi aliyekuja kutusimamia. Tulikubali kwa sababu tuliambiwa ukweli. Watu wa kilimo walikuja na kipaza sauti wakasema ugonjwa upo, umefika vijiji fulani na fulani, dawa yake haijapatikana, fanyeni hivi. Waliyoyasema tuliyaona kwa macho yetu. Waliposema kibanja cha fulani kimepona, tulikwenda tukakuta kimepona.

Naeleza habari za migomba kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watu wa huku ni wagumu kuelewa.

Ulipofika mwanzo wa mwaka 2021, hesabu za wagonjwa wa korona zilikuwa zimeacha kutangazwa tangu mwaka uliotangulia. Tuliambiwa nchi iko salama, tuchape kazi. Na katika wiki tatu tulizika watu wanne, katika kitongoji chenye kaya sitini. Mmoja alisemwa ni nimonia, mmoja moyo, wawili changamoto ya upumuaji. Tulitazamana makaburini, kila mtu akijua mwenzake anawaza nini, na hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa Theoneste.

"Kumbe siku hizi kupumua ndiyo changamoto," alisema tukiwa tunafukia kaburi la nne. "Zamani changamoto ilikuwa karo."

Hakuna aliyecheka.

Mwezi wa pili Adventina alikwenda gulioni Nkwenda kuuza maharage, akarudi anaumwa kichwa. Siku ya tatu alimwambia mume wake kwamba mboga haina chumvi, na chumvi ilikuwemo. Siku ya sita hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kukaa chini njiani. Wakampakia kwenye pikipiki, dereva mbele, Ndyamukama nyuma akimshikilia, wakampeleka hospitali. Alikaa huko siku mbili. Akafa asubuhi.

Karatasi aliyopewa mume wake iliandikwa shinikizo la damu. Sasa sikilizeni. Mwezi wa kumi na mbili uliokuwa umetangulia, wapimaji wa shinikizo la damu walikuja kanisani kwetu baada ya ibada, wakampima Adventina mbele yetu wote, wakasema mama huyu damu yake ni ya msichana. Ndyamukama alimrudishia daktari karatasi. Daktari alikuwa kijana tu.

"Andika kilichomuua."

"Mzee, mimi naandika ninachoruhusiwa kuandika." Kijana akatazama mlango. "Ila mkifika nyumbani msifungue jeneza. Na watu wasijazane ndani."

Ndyamukama alinisimulia hayo mwenyewe. "Mdomo wake ulisema hivi na mkono wake ukaandika vile," aliniambia, "na vyote ni vya mtu mmoja, ameketi kiti kimoja."

Kwetu mtu akifa, nyasi hutandikwa sakafuni, na wanawake wa ukoo na wa jirani hulala juu yake siku nne, bega kwa bega. Siku hizo hakuna anayelima. Kila nyumba huleta ndizi, kuni na maji. Kumzuia mtu asikae kwenye nyasi za msiba ni sawa na kumwambia kuanzia leo hatujuani. Ndyamukama alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo, jeneza lilipofika, alichukua kitambaa chekundu, kilekile cha vibanja vyenye mnyauko, akakifunga kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake. Akaweka beseni la maji na sabuni. Akasimama hapo.

"Mke wangu amekufa kwa korona," alisema. "Nisaidieni kumzika. Kaeni uani, mbalimbali. Ndani msiingie."

Watu walisimama barabarani na mikungu yao ya ndizi vichwani. Wengine walianza kunung'unika kwamba uchungu umempanda kichwani. Kisha akafika Benadeta, mama yake Adventina, kutoka Kibingo, mwanamke aliyepita miaka sabini na bado akilima mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Ndyamukama akamwamkia, ameinama.

Benadeta hakuitikia. "Mwanangu yuko ndani, na wewe mkwe wangu unanizuia kwa kitambaa cha migomba?"

"Nakuzuia, mama. Nipige ukitaka, lakini nakuzuia."

Nadhani angefaulu. Benadeta alikuwa ameanza kulia na kukaa chini palepale njiani, na wanawake wawili walikuwa wameshatua mizigo yao kukaa naye. Ndipo ikaja pikipiki ya mtendaji wa kijiji, Deodatus.

"Mzee Ndyamukama, pole na msiba," alisema bila kuzima pikipiki. "Nani amekupa mamlaka ya kutangaza ugonjwa?"

"Mkutano wa kijiji."

"Huo ulikuwa wa migomba."

"Ndiyo. Mgomba ukiugua nikanyamaza, wewe unanitoza faini. Leo ni mke wangu, na unataka ninyamaze."

"Una cheti cha udaktari?"

"Sina."

"Mwenye cheti ameandika nini?"

Ndyamukama aliinama akalisogeza beseni lake.

"Nimekuuliza, mzee waitu. Ameandika nini?"

"Ameandika pressure."

"Basi." Deodatus akazima pikipiki, akafungua kitambaa, akakitia mfukoni. Akatugeukia sisi. "Ingieni mkamlilie mwenzenu kwa heshima. Huyu ana uchungu, msimsikilize. Na nikisikia mtu anasambaza taharuki hapa, nitamfikisha kituoni."

Tuliingia. Naandika tuliingia kwa sababu na mimi niliingia. Wala msidhani tuliiamini ile karatasi. Naweza kuapa kwamba kati ya watu wote waliopita njia ile hakuna hata mmoja aliyeiamini. Lakini ilituruhusu kufanya tulichokuwa tunataka kufanya, na hapo ndipo uongo wa wakubwa unapokuwa mtamu. Nyasi zilijaa watu. Ndyamukama alibaki nje peke yake kando ya beseni lake, na maji yale hayakuguswa.

Benadeta alilala kwenye nyasi siku zote nne. Wiki ya pili, akiwa bado nyumbani kwa Ndyamukama, alianza kukohoa. Mwezi wa tatu tulimzika Kibingo, na karatasi yake iliandikwa uzee.

Tangu hapo Ndyamukama alikuwa na dai moja tu. Alitaka Mtendaji asimame mbele ya kijiji aseme Adventina alikufa kwa korona. Hakutaka pole wala shauri mahakamani. Alikwenda ofisini mara nne, na mara zote nne aliulizwa swali lilelile.

"Itakusaidia nini, mzee? Hatarudi."

"Mama yake ingemsaidia," alijibu mara ya mwisho, akavaa kofia yake akatoka.

Mambo yakageuka. Katikati ya mwaka ule tukaanza kusikia redioni kwamba korona ipo na chanjo imekuja. Mwezi wa kumi Deodatus yuleyule, kwa pikipiki ileile, alizunguka kitongoji na kipaza sauti akisema korona inaua, jitokezeni mchanjwe.

"Mtendaji," Theoneste alimwita kutoka kibanjani kwake, "una hakika hiyo si pressure?"

Hakuna aliyejitokeza. Kulikuwa na maneno ya kila aina, kwamba chanjo inakausha uzazi, kwamba aliyechanjwa haishi miaka miwili. Upuuzi, najua leo. Lakini tungeutambuaje upuuzi? Waliotakiwa kutuonyesha tofauti ya kweli na uongo ndio waliokuwa wametuchanganyia vyote viwili katika chungu kimoja.

Wiki hiyo Deodatus alikwenda nyumbani kwa Ndyamukama, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Nilikuwepo, nilikwenda kuazima jembe.

"Shikamoo, mzee. Wewe watu wanakusikiliza. Wilaya wanataka idadi, na mimi sina hata mtu mmoja. Nisaidie kusema mkutanoni."

"Nitasema. Ila wewe utangulie."

"Nitangulie kusema nini?"

"Unajua."

Deodatus aliinuka kwenye benchi, akatoa ufunguo wa pikipiki. "Tutaona, mzee," alisema.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mbele ya ghala la kahawa la chama cha msingi. Watu walijaa, maana ilijulikana Ndyamukama atasema. Nesi wa zahanati, Renatha, aliketi pembeni na sanduku lake la baridi la chanjo miguuni. Deodatus alisoma karatasi ya wilaya mwanzo hadi mwisho, akaikunja.

"Sasa Mzee Ndyamukama ataongeza."

Ndyamukama akasimama. "Nakungoja wewe."

"Mimi nimemaliza."

"Hujamaliza."

Jasho lilimtoka Deodatus, nami kwa kweli nilimwonea huruma kidogo, maana na yeye ana mkubwa wake, na mkubwa wake ana mkubwa wake. Lakini huruma ile haikudumu.

"Mzee, ya nyuma tuyaache," alisema. "Tujenge kijiji chetu."

"Mke wangu alikufa kwa nini?"

"Mimi si daktari."

"Siku ile hukuwa daktari vilevile, na ulijua."

"Karatasi ilisema pressure, mzee. Mimi nafuata karatasi."

"Na hiyo uliyotusomea leo?"

Deodatus alikuwa bado ameishika. Akaitazama.

"Na hiyo ni karatasi," Ndyamukama akasema, akaketi.

Watu walianza kuinuka mmoja mmoja, wakajikung'uta vumbi, wakaenda. Renatha alifunga sanduku lake bila kuchoma sindano hata moja. Baadaye tulisikia kwamba taarifa iliyopelekwa wilayani ilisema wananchi wa kitongoji hiki ni wagumu kuelewa na wanahitaji elimu. Sisi. Watu tuliokata migomba yetu wenyewe, tukapitisha panga motoni kila shina kwa miaka mitatu, kwa sababu tu mtu alikuja akatueleza jambo lilivyo. Elimu tunayo. Tulichokosa ni mtu wa kusimama pale mbele ya ghala na kusema maneno manne.

Jumatatu asubuhi Ndyamukama alipita kwangu amevaa shati lake la kanisani.

"Nakwenda zahanati," alisema. "Unakuja?"

"Si ulikataa?"

"Nilikataa kumsemea. Chanjo sikuikataa."

Tulikwenda. Zahanati haikuwa na mtu mwingine. Renatha alifungua daftari kubwa, akamwandika jina, umri na kitongoji. Akamwuliza kama ana kisukari. Akamwuliza kama ana pressure, naye akasema hana. Kisha akauliza, macho yakiwa bado kwenye daftari, "Umewahi kukaa nyumba moja na mgonjwa wa korona?"

"Nimekaa."

"Nani?"

"Mke wangu Adventina. Na mama yake, Benadeta."

Kalamu ilisimama. Renatha aliinua macho. Alijua karatasi za watu wale wawili zilisema nini, kama sisi sote. Alinitazama mimi, nikatazama dirishani. Kisha akainama akaandika, polepole.

"Nisomee," Ndyamukama akasema.

"Mzee, hili ni daftari la ofisi, halisomwi."

"Nisomee, mwanangu."

Renatha akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti ya chini. "Mke, Adventina, korona, Februari 2021. Mama mkwe, Benadeta, korona, Machi 2021."

"Soma tena."

Akasoma tena. Ndyamukama alivuta kiti karibu na meza, akafungua kifungo cha shati, akakunja mkono wa shati hadi begani.

"Haya," alisema. "Nidunge."