Tairodi ya Gari la Ajali

Nikinusa mafuta ya taa kwenye kutu, namwona baba chini ya gari lililomuua dereva wake, kule Kiseke. Alikuwa akitoa tairodi, chuma kinachogeuza gurudumu, aifunge kwenye pikapu yetu.

“Usipige nati,” alinifundisha kwa upole. “Loweka, subiri, halafu gonga ubavuni.”

Aligonga asubuhi nzima. Ilikataa.

“Baba watoto, iache. Ni ya marehemu hiyo,” mama alisema.

“Marehemu hadai vipuri, mama watoto!”

Mara ikaachia, ikilia kama mfupa unaovunjika.

Jumapili baba alitufungulia mlango wa pikapu. Mama akatushika mikono, tukashuka mteremko wa kanisani kwa miguu. Baba akatupita kwa kasi, akipiga honi na kutucheka.