Ubeti wa Mwisho Kanisani Bahati

Jumamosi ile tulifanya mazoezi ya kwaya kama kawaida, na tukagombana kama kawaida. Soprano walikuwa wanakimbia mbele kama ng'ombe walioona maji, mwinjilisti wetu Hezroni akawasimamisha. "Wimbo si mashindano. Ngojeni besi." Besi yenyewe ilikuwa mume wangu, Samweli, na wazee wawili waliomfuata popote alipokwenda. Kanisa letu la Kilutheri pale Bahati halikuwa na kinanda. Hezroni alitoa sauti kwa mdomo, kila mmoja akachukua yake, tukaimba.

Tulikuwa na desturi ambayo wageni waliisifu. Wimbo wa kufunga ibada ulipofika ubeti wa mwisho, kila mtu aliimba kwa lugha ya mama yake. Tuni moja, lugha kadhaa, na hakuna aliyempoteza mwenzake. Mimi na Samweli hatukulelewa kwa lugha moja, basi hapo tuliachana kidogo, kisha tukakutana kwenye "Amina". Sitataja makabila. Wanaojua wanajua, na wasiojua hawajapungukiwa na kitu.

Halafu kura zikaleta maneno, na maneno yakaleta moto. Kwetu, vijana wa upande wangu waliwasaka watu wa upande wa Samweli. Kwingine ilikuwa kinyume chake. Nyumba yetu ilichomwa tukiitazama. Binti yetu Neema alikuwa kwa mama yangu mjini, na kwa hilo nilimshukuru Mungu hata nikiwa nimekasirika naye. Sisi wawili tukahamia kanisani na majirani wa kila upande, kwa sababu hapakuwa na njia ya kutoka isiyokuwa na kizuizi.

Asubuhi moja Hezroni aliwaona vijana wale wa upande wangu wakija, wakikatiza shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Walikuwa na mapanga na marungu.

"Tukifunga mlango watajua tumeficha watu," alisema. "Wacha wapate ibada. Lakini Kiswahili tu, mpaka mwisho. Mmeskia?"

Tuliitikia. Vitabu vya nyimbo vilikuwa vimeungua majumbani, kwa hiyo alichagua wimbo ambao sote tuliujua kwa moyo. Hakuna aliyewaza kwamba tuliujua hivyo kwa sababu ndio tuliofungia ibada Jumapili nyingi kuliko mwingine wowote.

Akatoa sauti. Tukaanza.

Walifika tukiwa ubeti wa kwanza. Wengine walisimama madirishani, wengine mlangoni. Mmoja alivua kofia, nikajua alilelewa kanisani mahali fulani. Waliposikia Kiswahili walianza kutazamana. Mmoja alisema, "Hawa wanaomba tu. Twendeni."

Ubeti wa pili ukapita, na wa tatu.

Samweli alikuwa amefumba macho. Huimba hivyo siku zote.

Nilitaka kumgusa. Kati yetu walisimama watu.

Ubeti wa mwisho ulianza, na besi ikatoka kwa lugha ya kwao, nzito, safi, haina wasiwasi wowote.

Kwa urefu wa mstari ule mmoja nilimchukia mume wangu kuliko nilivyowachukia wale wa dirishani.

Hezroni hakusita. Alipanua mikono, akaingia kwa lugha yake mwenyewe, akatutazama mmoja mmoja. Tulimwelewa. Tukaingia sote, kila mtu na yake, kwa nguvu ambazo hatukuwahi kuzitoa mazoezini. Samweli alifumbua macho. Niliona akijua alichofanya.

Tuliimba mpaka "Amina".

Kiongozi wao aliingia. Nilimfahamu, mama yake alikuwa akiniuzia maziwa. Hakunitazama.

"Mzee, ni nani ameimba hiyo lugha ya wale?"

"Tumeimba sote, kijana wangu. Hivyo ndivyo tunaimbanga hapa."

"Nimeskia besi."

"Besi ni mimi."

Hezroni aliimba teno, ile sauti ya juu ya wanaume, maisha yake yote. Kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Basi imba tuskie."

Akaimba. Aliishusha sauti mpaka ikakwaruza, ikakatika. Samweli alipiga hatua mbele, na wale wazee wawili wa besi wakamshika mikono kwa nyuma.

"Mzee, unatubeba ufala, unatuona wajinga," yule kijana alisema. Akampiga rungu ya kichwa.

Huenda wangemaliza kanisa zima. Lakini malori ya wanajeshi yalisikika barabarani, yakitokea upande wa kambi yao ya Lanet, na vijana wakatawanyika mashambani. Hezroni alifia hospitalini kabla ya wiki kwisha. Tulimzika bila wimbo, kwa maana hakuna aliyeweza kutoa sauti.

Siku hizi tunaishi mjini, mtaa wa Section 58, lakini Jumapili bado tunakwenda Bahati. Watu wa lugha ya Samweli waliondoka na hawakurudi, amebaki yeye. Wazee wa kanisa waliiondoa ile desturi, na hakuna aliyebisha. Samweli huimba besi yake kama kawaida. Ubeti wa mwisho ukifika, hata kwa Kiswahili, hufunga mdomo. Sijawahi kumuuliza sababu. Ninaijua.

Mwaka huu mwinjilisti mpya, msichana mwenye moyo mwema, aliomba desturi irudishwe siku ya mavuno. Kanisa zima lilimgeukia Samweli.

"Imbeni," alisema. "Hezroni angependa."

Tukaimba. Ubeti wa mwisho ulipofika, kila mtu alikwenda kwao. Lugha ya Samweli haikusikika. Niliacha ya mama yangu, nikaichukua ya kwake, maneno niliyoyashika kwa kusimama karibu naye miaka yote hii, kwa lafudhi inayowachekesha mashemeji zangu. Kila mstari nilimngoja aingie. Alinishika mkono, akaukaza mpaka ukauma, lakini hakufungua mdomo. Nikaumaliza peke yangu.