Kaburi la Ireri na Maji Yaliyorudi

Wifi yangu Regina hakulia siku tulipomzika kaka yangu Ireri. Mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Nikimwangalia yeye pale kando ya kaburi, namwona anatoa matope kwenye viatu kwa kijiti. Haki nilimchukia siku hiyo. Mtu ameishi na mume miaka hiyo yote, amemzalia, halafu anashughulikia viatu!

Ireri hakuzikwa kando ya nyumba kama watu wengine hapa kwetu Embu. Alizikwa kule chini mwisho wa shamba, karibu na mto, na alitaka hivyo mwenyewe. Zamani pale palikuwa kinamasi, matete na vyura tu. Ireri akiwa kijana akapanda mikaratusi, hii miti mnayoita blugamu, inayokunywa maji kama ng'ombe aliyefungwa juani. Kinamasi kikakauka, akapata shamba, akalima mahindi. Watu wakamsifu, nami nikatembea kichwa juu sokoni kwa sababu ya kaka. "Mkinizika, mnizike huko," alikuwa akisema. "Hiyo ardhi niliitengeneza na mikono yangu." Basi tukamjengea kaburi la simiti na msalaba juu. Nani angekumbuka kinamasi? Sisi tulijua hapo ni shamba.

Baada ya matanga Regina akawa mtu wa kukaa tu. Unamwambia chai iko tayari, anasema sawa, na chai inapoa mbele yake. Unamwambia ng'ombe ameingia kwenye maharagwe, sawa. Kijana wake Njiru, anayefanya kazi Embu mjini na kuishi hukohuko mtaa wa Dallas, alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na mama yake ananipa mimi simu niongee. Niliongea mpaka nikachoka. Mimi si mama yake!

Ndipo wakaja watu wa mikoko. Kikundi chetu cha mto, ambacho mwenyekiti wake ni Mbae, kilikuwa kimepatana na kikundi cha kule mto Tana unapoingia baharini. Wao hupanda mikoko kwenye matope ya bahari, ili samaki wapate pa kuzalia. Lakini mvua ikinyesha huku, udongo wetu unateremka na kufunika miche yao. Kiangazi nako mto unawafikia ukiwa mwembamba, na maji ya chumvi yanapanda mpaka mashambani. Kwa hivyo wakasema, tushikane mikono. Sisi turudishe maji na kuzuia udongo huku juu, wao watusaidie na miche ya mianzi na kazi ya mikono. Walikuja na basi, wakavaa sweta zote walizokuwa nazo, na bado wakatetemeka. Tuliwacheka sana.

Mmoja wao, Bi Maimuna, mama wa makamo mwenye sauti ya polepole, alisimama chini ya mikaratusi ya Ireri. "Mamangu," alimwambia Regina, "miti hii ikitoka, mto utapumua. Lakini ni mali yako, sema wewe."

"Sawa. Kateni."

"Mama Njiru!" nikaruka. "Miti ya marehemu?"

"Si ni miti tu, Cicily."

Wakaikata. Tukapanda mianzi kando ya mto, na tukakubaliana kwamba hapo chini hakuna mtu atakayelima tena. Mvua za kwanza zikapita hatukuona kitu. Mvua zilizofuata, maji yakachipuka huku juu kwenye migomba nyuma ya jikoni, kwenye chemchemi niliyoiona mara ya mwisho nikiwa msichana. Watu walikuja kuangalia, Mbae akaomba tusali, na tukasali. Regina alisimama na sisi, akasema amina, akarudi kuchambua maharagwe.

Asubuhi moja nilishuka kung'oa magugu kwenye kaburi, mguu ukazama mpaka kifundoni. Aii! Kumbe maji yamelizunguka kaburi lote, na simiti imeanza kulala upande. Kaka yangu yuko majini! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, kisha nikampigia Njiru.

Njiru alifika na wanaume wenye majembe. Alitaka mtaro uchimbwe kutoka kaburini hadi mtoni, maji yote yatoke. Mbae akakuna kichwa. "Ukichimba mtaro, kinamasi kitakauka tena, na chemchemi ya juu itakwenda nacho," alisema. "Na tuliwapa neno wale watu wa bahari. Lakini kaburi ni kaburi. Familia iseme, kikundi hakitazuia."

"Chimbeni!" nikasema.

Njiru akamgeukia mama yake, kwa heshima tu, kwa maana sote tulijua atajibu nini.

"Hapana," Regina akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akafungua kitambaa kichwani, akatuonyesha juu ya paji la uso, pale kamba ya kubebea mtungi ilipochimba mfereji ambao hautajaa tena.

"Baba yako alipokausha hapa, chemchemi ilikufa," alimwambia mwanawe. Hakupandisha sauti. "Yeye akapata shamba. Mimi nikawa wa kuteremka mtoni na kupanda na mtungi mgongoni. Nikiwa na mimba yako. Nikiwa nimekubeba kifuani. Mpaka juzi."

"Lakini mum, ni baba."

"Ni baba. Mwacheni hapo."

Wale wanaume wakaangaliana, wakaweka majembe begani. Njiru aliondoka bila kunywa chai, na mpaka leo, Jumapili simu hailii.

Mimi nilimfuata Regina mpaka kwenye migomba, hasira imenifika shingoni. Nikamwuliza waziwazi, "Wewe, ulimpenda kaka yangu kweli?"

"Nilimpenda."

"Mbona basi hulii?"

Alikuwa ameinama kwenye chemchemi, anachota. Hakugeuka.

"Natafuta kilio, sikipati, Cicily. Ndani kote ni ganzi." Akainua mtungi kwa mkono mmoja, akaushusha penye mlango wa jikoni, akanyooka. "Lakini mgongo," akasema, "mgongo umeacha kuniuma."