Nta Kwenye Breki za Meneja

Kaka yangu Nassibu alikuwa fundi wa magari hapa Ng'ambo tangu kabla ya Uhuru hadi macho yalipomwishia nguvu. Mkono wake haukujua kuiba hata nati. Ndiyo maana, Mungu anisamehe, nikiukumbuka mwaka ule wa sabini na tano damu inanichemka mpaka leo.

Meneja wa ghala la tumbaku alileta gari la shirika, Pijo, libadilishwe pedi za breki za nyuma. Pedi zenyewe zilingojewa miezi miwili ndipo zikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Nassibu alizifunga mbele yangu. Akatia jeki, akavua magurudumu, akachomoa pedi kuukuu zilizobaki unene wa ukucha, akasugua sahani za breki, akapachika mpya.

"Zitalia siku mbili tatu," akamwambia dereva, Lugembe. "Ziacheni zilie, zizoeane na sahani."

Siku ya nne gari lilikataa kusimama, likabomoa ua wa ghala. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini Meneja alikuja barazani kwetu pamoja na balozi wa nyumba kumi, watu wakajaa, naye akapaza sauti: "Mnyonyaji huyu! Mwizi! Pedi mpya kauza, katufungia kuukuu!"

Mtu mzima, mswalihina, aitwe mwizi mlangoni kwake, mbele ya wanawe! Wala hata hakuulizwa.

Nassibu alisema tu, "Leteni gari." Wakalisukuma hadi pale, Lugembe akiwa kwenye usukani.

Alipovua gurudumu la nyuma, nilinusa kabla sijaona. Harufu ya asali. Pedi zilikuwa mpya kabisa, ila zinang'aa kwa utelezi, na nyuki wawili walikwishafika. Nikakumbuka. Juzi yake Lugembe alikuja kwangu: "Dada Siwema, nimegee nta ya nyuki, kuna kitu kinanipigia kelele." Nikadhani mlango. Huku kwetu nani asiyepaka nta kitu kinacholia, iwe bawaba, iwe kitanda?

"Nta hiyo niliitoa mimi," nikasema. "Lugembe, uliipaka wapi?"

Akainama. "Kwenye sahani, dada. Meneja alisema akisikia tena kelele zile, nitafute kazi nyingine."

Balozi akacheka. "Meneja, breki zako zina asali tayari, zimebakiza mkate na chai!"

Watu wakaangua kicheko. Meneja akatazama saa yake. "Haya, fundi, yamekwisha. Funga gurudumu niende."

Yamekwisha! Yeye aliyetukana kwa sauti ya mwadhini!

"Sifungi," Nassibu akasema, akalikalia gurudumu. "Neno umelitoa mbele ya watu hawa. Lirudishe mbele ya hawa hawa."

Tulingoja. Jua likapanda, Meneja akalowa jasho, watu hawakuondoka. Mwishowe akanong'ona, macho chini: "Nassibu si mwizi."

"Sijasikia," akasema balozi, na masikio yake yalikuwa mazima kama ya sungura.

Meneja akarudia kwa sauti. Ndipo kaka yangu akainuka, akatafuta msasa, akaanza kuikwangua nta.